Kuhubiri kwa kibali au kuwekewa mikono: wanawake wa AME

Katika Kanisa la African Methodist Episcopal (AME), kanisa la Wamarekani weusi lililoanzia Philadelphia, mwanamke aliyesikia wito alikuwa na njia mbili za kudai mimbari.

Ya kwanza ni ya Jarena Lee. Alipoomba ruhusa, Richard Allen, mwanzilishi wa kanisa hilo, alimwambia kanuni hazimruhusu mwanamke kuhubiri. Akangoja kama miaka minane. Mwaka 1819, ibadani katika kanisa la Bethel huko Philadelphia, mhubiri alikuwa akifundisha habari za Yona, maneno yakamwishia. Jarena akasimama papo hapo na kuendeleza mahubiri, kisha akaketi akihofia kutimuliwa. Allen, sasa askofu, akainuka na kukiri kwamba mama huyu ameitwa kweli. Kwa hesabu ya Jarena mwenyewe, mwaka 1827 alisafiri maili 2,325 na kuhubiri mara 178. Mara nyingine kwa miguu, jamani! Lakini hakuwa na usharika, wala hakuruhusiwa kugawa meza ya Bwana.

Ya pili ni ya Sarah Ann Hughes. Mwaka 1885 Askofu Henry McNeal Turner alimwekea mikono awe shemasi. Cheo rasmi, ila kilichoandikwa hufutika: 1887 jina lake liliondolewa katika orodha ya mashemasi, na 1888 Mkutano Mkuu ukawakataza maaskofu kuwawekea wanawake mikono. Mlango huo ulifunguliwa tena 1948.

Kwangu mimi, Jarena alifika mbali zaidi. Kibali chake hakikuwa na karatasi ya kuchanwa.