Nakala za kadi za Christy Mathewson: zafaa fremu, si za kuwekeza

Nyota 3 kati ya 5. Mathewson, mrushaji wa besiboli aliyeinyima timu ya Philadelphia Athletics hata pointi moja katika mechi tatu za fainali ya 1905, alistahili karatasi bora kuliko hii. Kadi halisi za T206 (seti ya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli), zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara Marekani kati ya 1909 na 1911, hazing'ai. Nakala hizi zinameta mno. Kipimo wamekipatia: takribani sentimita 3.7 kwa 6.7.

Ukiuziwa "halisi", tumia lenzi ya kukuza mara 10 na uangalie jina lililo chini ya picha. Kwenye kadi ya kale, herufi zina wino mzito usiokatika. Kwenye nakala, mara nyingi utaona vidoti. Usihukumu kwa picha yenyewe, maana hata ya kale ina vidoti. Kisha mulika tochi kwa ubavu upande wa nyuma: walaghai hukwangua neno linaloonyesha ni nakala, na karatasi hubaki imechubuka.

Ihifadhi kwenye mfuko usio na PVC, kwani plastiki hiyo huchakaa na kuacha utando unaonata.