Banda la Kuku la Kununua Tayari: Lipi la Kununua na Nini cha Kubadilisha

Anayetaka kufuga kuku wanane au kumi wa mayai katika ua wa nyumba yake jijini Dar es Salaam hana lazima ya kuita fundi aje kupima na kujenga, kwa sababu mabanda yaliyokwisha kuundwa yamepangwa kando ya barabara mbele ya karakana za maseremala na za mafundi wa kuchomelea, na mengine huagizwa mtandaoni yakaletwa vipande vipande ndani ya boksi. Mengi kati yao yana tatizo moja, kwamba yameundwa yampendeze mpita njia wa mchana, ilhali kuku wengi huliwa na wanyama usiku. Mnunuzi basi akubali mapema kwamba atalirekebisha banda lolote atakalolichukua. Wavu, komeo, viota na fito za kulalia hubadilishwa kwa siku moja ya kazi, lakini kimo cha paa, ukubwa wa sakafu, uimara wa fremu na upana wa mlango havibadiliki bila kulijenga banda upya, na hivyo ndivyo vya kulipia.

Nenda na futi kamba. Mabanda mengi ya maseremala hufuata kipimo cha ubao mzima wa plaiwudi, futi 4 kwa futi 8, yaani takriban mita 1.2 kwa mita 2.4, sakafu isiyofika mita za mraba 3. Muuzaji atakuambia kwamba linaingia kuku thelathini, na kweli wataingia. Kwa kiwango cha kuku 5 kwa mita moja ya mraba, ambacho kinawafaa kuku wanaoshinda ndani, banda hilo ni la kuku 14, na kama viota vimekaa sakafuni badala ya kutundikwa ukutani, hesabu 12. Wanaotolewa nje kutwa na kurudi kulala tu wanaweza kuzidi hapo.

Chaguo la kwanza kwangu ni banda la fremu ya chuma lililoinuliwa juu ya miguu, la mabomba ya mraba yaliyochomelewa, hata kama bei yake inazidi la mbao. Mchwa hawalidhuru, na fremu iliyonyooka itapokea wavu mpya kila wa zamani utakapochoka. Kagua maungio: palipochomelewa pakiachwa bila rangi ya kuzuia kutu, hewa ya chumvi ya pwani huanza kuotesha kutu ndani ya masika moja. Kagua pia mlango, kwamba mtu mzima anaweza kuingiza mabega na reki, kwa maana banda lisilosafishika halitasafishwa.

Kasoro ya banda hili, na ya karibu yote yaliyobaki, ni wavu. Waya wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita, humzuia kuku kutoka lakini haumzuii mnyama kuingia. Ubonyeze kwa dole gumba pale karakanani, utauona unabonyea na kubaki umebonyea. Banda langu la kwanza lilikuwa na waya huo pande zote nne, na asubuhi moja nilimkuta tetea amekufa akiwa ameegemea ukuta, bawa lake limevutwa hadi nje kupitia tundu lisilopitisha hata ngumi ya mtoto, na waya wenyewe haujakatika popote. Kicheche hakuhitaji kuingia. Tangu hapo nanunua wavu mgumu wa nyaya zilizochomelewa wenye matundu ya nusu inchi, ambao mguu wa mnyama haupiti na panya mkubwa hapenyi, na naufunga kwa skrubu zenye washa pana, kwa kuwa misumari ya U iliyopigiliwa kwenye mbao hung'oka ikivutwa kwa nguvu. Bajeti ikiwa ndogo, weka wavu huo kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita moja na sehemu zote zilizo jirani na fito za kulalia, kisha uache waya wa kuku juu kabisa, mahali ambapo adui wa kawaida ni kunguru na mwewe. Banda linalokaa chini moja kwa moja huongezewa wavu uliolazwa ardhini kuelekea nje kwa upana wa sentimita 30 na kufukiwa kidogo, kwa kuwa mnyama mchimbaji huanzia pale ukuta unapokutana na udongo.

Kile kibao cha kufungia mlango kinachozunguka kwenye msumari mmoja kiondolewe siku hiyohiyo, paka akikisukuma mara tatu hulegea. Komeo la chuma na kufuli hutosha, na humzuia pia yule mwizi wa miguu miwili.

Miguu ya banda ina faida nyingine kwa wanaoishi penye siafu, ambao huweza kuwamaliza kuku waliofungiwa ndani kwa usiku mmoja. Kila mguu husimamishwa ndani ya kopo lenye maji, na juu ya maji humiminwa oili chafu kidogo, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

La pili ni banda la mbao la seremala. Halipati joto upesi kama la chuma na mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kulitengeneza, ila nyufa za mbao ni makazi ya utitiri, wadudu wanaojificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu ya kuku, hata wafugaji wakashangaa mayai yanapungua bila ugonjwa kuonekana. Ziba nyufa, paka chokaa ndani, na hizo fito za kulalia zitegeshwe ziweze kutolewa na kusuguliwa. Ziwe za mbao iliyolainishwa kingo, unene wa sentimita 4 au 5, sentimita 20 kwa kila kuku, na zikae juu kuliko viota, kwa kuwa kuku hutafuta mahali pa juu pa kulala, na kiota kikiwa ndicho cha juu watalala humo na kuyachafua mayai. Kiota kimoja cha sentimita 30 kila upande kinatosha matetea wanne au watano.

Joto linastahili uangalifu uleule wa wezi. Kuku hatoki jasho, hupoza mwili kwa kutweta, na chini ya bati tupu la mwezi wa Januari atatweta mchana kutwa. Tandika makuti juu ya bati au weka dari ya plaiwudi chini yake, acha uwazi wenye wavu chini ya paa kwenye kuta ndefu, juu ya vichwa vya kuku waliolala, na ulipange banda urefu wake uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige kuta hizo ndefu. Mfugaji wa Njombe, kwenye baridi ya nyanda za juu, atapunguza uwazi huo Juni na Julai bila kuuziba, kwa sababu harufu kali ya kinyesi huumiza mapafu ya kuku kuliko baridi.

La tatu, mbali nyuma, ni lile la kwenye boksi. Picha yake huvutia, lakini mengi yamebuniwa kwa nchi za theluji: madirisha madogo, paa la chini, mbao nyembamba ambazo mvua za masika huzipinda. Ukiwa umekwisha kulinunua, likate madirisha na ulitumie kulelea vifaranga. Vizimba vya ghorofa vya waya nimeviacha nje ya orodha, maana vimeundwa kwa biashara ya mayai mengi, na kuku anayesimama juu ya waya maisha yake yote hapati hata pa kuoga vumbi.