Nike Vaporfly Next% 2: unalipia povu zaidi ya bamba

Anayekishika kiatu hiki cha mbio za marathoni dukani kwa mara ya kwanza huenda akadhani ndani yake hamna kitu, kwa kuwa kile cha kiume cha saizi ya kawaida hakifikii gramu 200, ilhali soli yake nyuma ina unene wa milimita 40. Ukilibonyeza povu la soli hiyo kwa kidole gumba linazama, ukiondoa kidole linarudi papo hapo. Lakini ukijaribu kukikunja kiatu chenyewe kinagoma, kwa sababu ndani ya povu hilo limelazwa bamba la nyuzi za kaboni lililopinda kama kijiko.

Sifa zote hupewa bamba hilo tangu toleo la kwanza lilipoingia sokoni mwaka 2017, na kwa maoni yangu limepewa kupita haki yake. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, watafiti waliwapima wakimbiaji 18 wenye kasi, baada ya kusawazisha uzito wa viatu vilivyolinganishwa, wakakuta kwamba mfano wa awali wa Vaporfly ulipunguza nishati iliyotumika kwa wastani wa asilimia 4. Soli yake ilirudisha takribani asilimia 87 ya nishati iliyoingia mguu ulipokanyaga, wakati kiatu cha mashindano cha Nike kilichotangulia kilirudisha asilimia 66 tu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walilikatakata bamba pasipo kuligusa povu kwa namna nyingine, na matumizi ya nishati hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kazi kubwa, basi, inafanywa na povu.

Matokeo yake barabarani yanajulikana. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2018 kwa saa 2:01:39, na mwaka uliofuata Brigid Kosgei akaifuta huko Chicago, kwa saa 2:14:04, rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyokuwa imedumu miaka 16. Wote wawili walivaa viatu vya ukoo huu. Si haki kusema kwamba viatu ndivyo vilivyokimbia, ila Shirikisho la Riadha Duniani halikupuuza jambo hilo: Januari 2020 liliweka kikomo cha soli ya milimita 40 na bamba moja tu.

Je, mkimbiaji wa kawaida atoe dola 250, bei ya kiatu hiki kilipoingia sokoni Marekani? Asilimia 4 ilipimwa kwa watu wenye kasi kubwa. Kiatu hikihiki kilipopimwa katika kilomita 12 kwa saa, nafuu ilishuka hadi takribani asilimia 1.4, na katika kilomita 10 kwa saa, mwendo unaomaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 13, haikufika hata asilimia 1. (Anayekiwinda mtumbani akumbuke kwamba povu huchoka kabla kitambaa cha juu hakijachakaa, kwa hiyo kuonekana kipya si ushahidi.)

Kwa anayewania kumaliza marathoni chini ya saa 3, nakipendekeza bila kusita, mradi akitunze kwa siku ya mashindano. Anayekimbia kwa saa 4 na zaidi atafaidika zaidi akinunua jozi mbili za viatu vya mazoezi kwa fedha hizohizo.