Garmin Xero C1 Pro kwa mlenga shabaha wa IPSC: je, itakuvusha kwenye meza ya kupimia risasi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani tuna kidude hiki hapa, Garmin Xero C1 Pro. Ni kronografu, yaani kipima mwendo wa risasi, na kinatumia rada. Kinaenea kiganjani, kinachajiwa kwa waya ule ule wa USB-C, na ndani ya boksi kuna kistendi kidogo cha miguu mitatu. Kilipotoka 2023 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 600. Hizo ni pesa nyingi, kwa hiyo tuulizane swali moja tu: kwa mtu wa mashindano ya bastola, kinamsaidia nini hasa?

Ili jibu lieleweke, tuanze na kanuni, kwa sababu bila kanuni hiki ni kidude cha kuonyesha namba tu.

IPSC, yaani shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha wa vitendo, ilianzishwa 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na tangu mwanzo mchezo huu unasimama juu ya mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Usahihi unaonekana kwenye shabaha, na kasi inapimwa na saa inayosikia mlio. Nguvu ndiyo inayopimwa kwa kronografu, na kipimo chake kinaitwa pawa fakta. Hesabu yake ni nyepesi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha gawanya kwa 1,000. Ukifyatua kichwa cha greni 147 kikaenda futi 880 kwa sekunde, unapata 129.36.

Kuna ngazi mbili za nguvu: maina, iliyo ndogo, na meja, iliyo kubwa. Kiwango cha chini, kile cha maina, ni 125. Meja kwenye divisheni (kundi la aina ya bastola) ya Standard ni 170, na kwenye Open ni 160. Production haina meja, wote ni maina. Kwa wale mnaocheza USPSA, chama cha mchezo huu huko Marekani, meja ya kawaida ni 165, kwa hiyo msichanganye vitabu viwili.

Tofauti yake kwenye alama ni hii. Ukigonga eneo A la shabaha, ni 5 kwa kila mtu. Ukigonga C, mwenye meja anapata 4, mwenye maina 3. D ni 2 kwa 1. Chukua steji, yaani zoezi moja la shindano, yenye mipigo 30: A 20, C 8 na D 2, muda sekunde 15. Kwa meja unakusanya 136, hit fakta yako, yaani alama kugawanya kwa sekunde, ni 9.07. Risasi zile zile, mashimo yale yale, ukihesabiwa kwa maina unapata 126, na hit fakta inashuka hadi 8.40. Aliyetangaza meja kwenye Standard akapimwa akakutwa na 169 anahesabiwa hivyo kwa maina shindano zima, steji alizokwisha kucheza zikiwemo. Na aliye chini ya 125 anaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini hana alama hata moja. Mtu amelipa ada, amesafiri, amefanya mazoezi mwaka mzima, halafu jina lake linabaki na sifuri. Hakuna jambo linalouma kama hilo kwenye mchezo huu, na ni jambo linalozuilika kabisa.

Sasa turudi kwenye kifaa.

Kronografu za zamani zina macho mawili yanayoangalia kivuli cha risasi ikipita juu. Unaziweka mita kadhaa mbele ya mtutu, unaomba mawingu yasibadilike, na siku mkono ukishuka kidogo unakipiga kifaa chenyewe. Hii ya rada inakaa pembeni yako. Unaiweka kando ya mtutu, umbali wa kati ya sentimita 13 na 38, nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, uso wake ukielekea kule risasi inakokwenda. Haihitaji jua, kwa hiyo hata ndani ya jengo inafanya kazi.

Hapo nyuma kidogo ndipo wengi wanapokosea. Bastola si bunduki ndefu iliyolala kwenye benchi, mikono inasogea. Ukinyoosha mikono mtutu unakwenda mbele, ukichoka unarudi, na risasi nyingine haisomwi. Tengeneza begi la mchanga, egemeza viganja, weka alama kwa tepu pale mkono unapotua, kisha piga kila risasi kutoka sehemu hiyo hiyo. Na kama bastola yako ni ya Open yenye kompensata, kile kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachopunguza mtikisiko, ule upepo unaotoka humo unaweza kukiangusha kistendi hiki kidogo. Tumia stendi nzito zaidi, na uirudishe nyuma kidogo.

Kwenye skrini, tazameni hapa. Unachagua aina ya silaha, unaingiza uzito wa kichwa, unaanza kikao. Kila risasi inaleta mwendo wake. Ukimaliza unapata wastani, ya juu kabisa, ya chini kabisa, tofauti kati ya hizo mbili, na SD, ambayo inakuambia risasi zako zinatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Pawa fakta nayo inakupigia. Kisha unahamishia kwenye simu kwa programu ya ShotView, rekodi zinabaki.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Hiyo pawa fakta ya kwenye skrini inategemea uzito uliouandika wewe. Kifaa hakijui kichwa chako kina uzito gani. Boksi limeandikwa 124, ukaandika 124, kikakuambia 125.24 kwa mwendo wa futi 1,010. Ukaondoka na furaha. Siku ya shindano wanang'oa kichwa cha risasi yako moja kwa nyundo ya kung'olea, wanakiweka kwenye mizani, kinasoma 123.4. Mwendo ule ule wa 1,010 sasa unakupa 124.63. Na kanuni haikaribishi desimali: hata 124.9999 si 125. Umeanguka, na kronografu yako ilikuwa sahihi muda wote.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa cha dola 600, nunua mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greni. Pima vichwa 20 kutoka boksi moja. Kile chepesi kuliko vyote ndicho unachokiandika humu. Vichwa vya kumiminwa na vile vya kupakwa rangi hutofautiana zaidi kuliko vilivyovikwa shaba, na ukifungua boksi jipya la toleo jingine, unapima upya.

Tuone meza ya upimaji yenyewe inavyokwenda, ili mjue mnajiandaa kwa ajili ya nini. Wanachukua risasi 8 kutoka kwako. Moja inang'olewa kichwa na kupimwa uzito. Tatu zinapigwa kwa bastola yako mwenyewe, wastani unatafutwa. Ukipita, kwaheri. Usipopita, zinapigwa tatu nyingine, na wanachukua tatu zenye kasi zaidi kati ya sita. Bado hujafika? Imebaki risasi moja, na hapo uamuzi ni wako: ing'olewe kichwa kipimwe uzito, mkitumia kile kizito kati ya viwili, au ipigwe, na mchukue tatu bora kati ya saba.

Watu wengi wanachagua kwa kubahatisha. Hesabu inakuonyesha. Turudi kwa yule wa 123.4. Tuseme tatu zake bora ni 1,016, 1,009 na 1,005, wastani 1,010. Akitaka kupita kwa kupiga, anahitaji wastani wa 1,013, maana yake risasi ya saba iende 1,014 au zaidi. Akitaka kupita kwa mizani, anahitaji kichwa cha greni 123.8 tu, na kwa hicho anapata 125.04. Kama amewahi kupima vichwa vyake 20 na anajua vingi viko kati ya 123.8 na 124.2, apime uzito bila kusita. Kama anajua vichwa vyake vyote ni vyepesi lakini mwendo wake unayumba sana, apige. Bila takwimu za nyumbani, hapo mezani unacheza bahati nasibu.

Kwa wanaojaza risasi wenyewe, pale sheria ya nchi inaporuhusu, kronografu hii ina kazi ya pili: inaonyesha mashine yako ya kujazia imekaaje. Piga risasi 10 angalau, ukiweza 20. Kwa bastola, SD chini ya 10 ni nzuri sana, 15 inavumilika. Ikipanda juu ya hapo, usikimbilie kuongeza baruti. Tafuta kinachoyumba. Mara nyingi ni kipimo cha baruti kinachodondosha viwango tofauti kwa sababu mkono unavuta wenzo kwa kasi isiyo sawa, au kwa sababu chupa ya baruti imekaribia kuisha. Dondosha vipimo 10 mfululizo, kila kimoja mizanini, utakiona. Na viwango vya baruti unavitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo, unaanzia chini. Havitolewi kwenye video, hata hii.

Sababu nyingine ni kichwa kurudi ndani ya ganda. Chukua kaliper, kile kipimio cha urefu mdogo, pima urefu wa risasi nzima, iingize chemba kutoka kwenye magazini kwa kuachia slaidi, itoe, pima tena. Ikifupika waziwazi, ganda halijakibana kichwa, na nafasi ya baruti imepungua. Shinikizo hupanda haraka hapo, na ukubwa wa ongezeko huwezi kuukisia kwa jicho. Usipige risasi hiyo, karekebishe dai (die), kile kifaa cha mashine ya kujazia kinachosawazisha ganda. Watu wengi hudhani dawa ni kubana zaidi mdomo wa ganda. Kwa risasi ya milimita 9 ule mbano wa mwisho kazi yake ni kufuta upanuzi wa mdomo tu. Kinachoshika kichwa ni ganda lenyewe lililosawazishwa vizuri. Ukizidisha mbano, unakibonyeza kichwa cha risasi na kulilegeza ganda.

Kuna jambo la tatu ambalo kifaa hiki kinalionyesha vizuri. Ganda lenye baruti chache lina nafasi tupu ndani. Inua mtutu juu polepole kisha shusha ulenge, piga: baruti imelala nyuma, karibu na fataki inayoiwasha. Fanya kinyume, inamisha mtutu chini kwanza kisha inua: baruti iko mbele, karibu na kichwa. Piga tano kwa namna hii, tano kwa namna ile. Kwa baadhi ya baruti utaona mwendo unabadilika waziwazi. Ndiyo maana unapojipima nyumbani, inamisha mtutu chini kabla ya kila risasi, upate ile namba mbaya zaidi. Ukipita kwa hiyo, utapita kwa yoyote.

Hali ya hewa nayo. Baruti nyingine hupungua kasi kwenye baridi, nyingine tabia yake ni kinyume. Pima asubuhi, pima saa nane mchana, usiache risasi kwenye buti la gari juani. Na pima kwa mtutu utakaoshindana nao. Mitutu miwili ya urefu mmoja inaweza kutoa mwendo tofauti kwa risasi zile zile.

Ninyi mnaotumia risasi za kiwandani msifikiri haya hayawahusu. Risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha greni 115 inahitaji futi 1,087 kwa sekunde ili ifike 125. Namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa mtutu wa kiwanda, na mtutu wako ukiwa mfupi, unaweza kukuta 1,080, ambayo ni 124.2. Hapo hujakosea chochote kwenye kujaza, ila umeanguka vile vile.

Ushauri wangu kwa maina ni ulenge 129 au 130. Chini ya 128 unajitafutia presha. Juu ya 132 unajiongezea mtikisiko wa bure, maana A inalipa 5 ile ile.

Kasoro za kifaa? Betri iko ndani, huwezi kubadilisha uwanjani, kwa hiyo beba pawabenki. Na kwa kuwa kinapima kuanzia mdomoni mwa mtutu, namba zake zitakuwa juu kwa futi chache kuliko kronografu ya macho iliyowekwa mita tatu mbele. Ukijua waandaaji wanatumia ile, punguza kichwani mwako.

Ninunue? Ukijaza risasi zako na unashindana mara kwa mara, ndiyo, nunua. Kama unatumia risasi za kiwandani za aina moja, changeni watu watano wa klabu mnunue kimoja, kwa sababu kila mmoja atakihitaji saa moja kila anapobadilisha risasi au mtutu. Na kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, chukua mizani, kisha azima kronografu.