Shule ya kanisa au ya serikali?

Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka Tanzania, mjadala huu hurudi, na mapadri na wachungaji wengi husukuma upande wa shule zao.

Kwa gharama, serikali inashinda wazi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016. Mzazi hubaki na sare, madaftari na mchango wa chakula. Shule ya kanisa hudai ada kwa awamu, juu yake godoro, sanduku na nauli ya likizo. Kabla ya kulipa, piga hesabu ya miaka yote minne: anayehamishwa kidato cha tatu kwa kukosa ada huumia zaidi.

Mtihani ni uleule wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Shule nyingi za kanisa huwa na darasa dogo na usimamizi mkali, ila uliza wangapi walianza kidato cha kwanza na wangapi walifanya mtihani wa kidato cha nne. Baadhi huwaondoa wasiofikia wastani, kisha husifiwa kwa ufaulu.

Malezi ya imani? Ratiba ya shule ya serikali huwa na kipindi cha dini, lakini hufa pale parokia au usharika usipomtuma mwalimu. Padri anayelalamika aanzie hapo.

Mtoto anayehitaji kusukumwa, na kipato chako hakiyumbi: bweni la kanisa. Anayejituma, shule ikiwa karibu na ina walimu wa sayansi: serikali inatosha.