"Rangi ni rangi tu, baba": uzoefu wangu na akriliki nyeupe ya kopo

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka zake aondoke nayo: ile akriliki nyeupe ya kopo inayouzwa na duka moja la vifaa vya sanaa hapa Dar, msinunue. Jina la duka sitaji, sitafuti kesi. Nasema nyeupe. Hizo rangi nyingine nitazifikia, na huko mambo yanaharibika kidogo, maana nilitamani sana kuliponda duka zima.

Ndege ninayopaka ni modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe: Super VC10, ndege ya abiria ya lile shirika la zamani la East African Airways, modeli ya kampuni ya Roden, kipimo cha 1/144. Kati ya zote nilichagua 5H-MOG kwa sababu usajili wake ni wa Tanzania, na kwa sababu ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa duniani. Shirika lililetewa ndege hiyo Februari 1970. Lilipokufa mwaka 1977, ndege ikarudi kwa Waingereza, wakaigeuza ya kuwajazia wenzake mafuta angani, wakaipa namba ZA150. Iliruka hadi Septemba 2013, ikaenda kupumzishwa Dunsfold, Uingereza. Ndege yenye safari hiyo yote, na mgongo wake wote mweupe! Ukikosea weupe hapo hakuna stika itakayokuokoa.

Mtaniuliza kwa nini sikuagiza rangi za modeli zenyewe. Rangi ya Tamiya ina alkoholi ndani, inashika moto, na wauzaji niliowaandikia hawataki kuipandisha ndege. Vallejo ni ya maji, hiyo husafiri bila shida, ila ukijumlisha posta na ushuru unaanza kujiuliza kama kichupa kile unapaka au unakunywa. Rangi ya magari haifai, thina yake inaila plastiki. Rangi ya mafuta ndiyo hiyo wachoraji wa Tingatinga wanayotumia miaka yote na ubao wao unang'aa mpaka raha, lakini nyeupe yake ikikaa inageuka manjano, na kwangu harufu ilishapigwa marufuku na mwenye nyumba, yaani mke wangu. Ikabaki akriliki ya wasanii.

Basi nikaenda dukani, kipindi kile mvua zimechachamaa. Kaunta alikuwapo dada mmoja na simu yake. Nikasalimia, akaitikia bila kuinua uso. Nikachukua kopo, nikamwuliza kistaarabu kabisa: dada, hii ni akriliki kweli au ni rangi ya watoto wa shule? Lebo ilikuwa na neno akriliki kwa herufi kubwa na basi. Hakuna kiwanda, hakuna nchi.

"Ni ya mtoto wa darasa la ngapi?"

Nikamwambia ni yangu mwenyewe, napaka ndege.

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga madaftari. "Eti baba anapaka ndege." Wakacheka. Kisha akanirudia: "Rangi ni rangi tu, baba. Unachukua au huchukui?"

Kuchekwa nimezoea. Shemeji yangu hunicheka kila Idi mbele ya wageni na pilau naendelea kula. Kinachonichoma ni lile neno kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza rangi. Akriliki ikishakauka haijali maji tena, chembe zake za plastiki zimeshikana na kuwa utando mmoja. Rangi ya watoto imeshikizwa kwa gundi inayoyeyuka majini, na imewekwa hivyo makusudi ili sare ya shule ifulike. Hapa sizungumzii nzuri na mbaya. Ni vitu viwili tofauti, na duka lenye bango kubwa la vifaa vya sanaa linapaswa kujua hilo kabla ya kujua bei.

Nilichukua. Kote nilikopita nyeupe hakuna, ningefanyaje?

Plastiki niliiosha kwa sabuni, nikaipitisha msasa laini, nikapuliza praima ya kijivu, yaani rangi ya chini ya kushikiza nyingine, nikaiacha ikauke kwa nafasi yake. Nyeupe nikaipiga kwa brashi pana, matabaka membamba. Siku ile ilipendeza, sisemi uongo. Nilimwita mke wangu aje aone. Dalili ya kwanza ilikuja kesho yake, nilipoishika na mikono yenye jasho, mnalijua joto letu. Alama za vidole zikabaki mgongoni. Nikajipa moyo kwamba haijakauka vizuri. Nikasubiri, nikabandika tepu ili nipake tumbo la kijivu, nikapaka, nikaibandua tepu taratibu, kwa kuilaza, kama inavyotakiwa.

Ikaja na nyeupe. Vipande vipande, kuanzia puani hadi linapoanzia bawa, na ungaunga mweupe ukabaki mezani. Praima chini yake haikutikisika hata kidogo. Nikalowesha kidole, nikasugua pale palipobaki. Kidole kikawa cheupe.

Wakuu, nilikaa pale nikiitazama ile ndege mpaka chai ikapoa.

Nilirudi dukani na ushahidi: kifuniko cha plastiki nilichokipaka rangi ileile na kukiacha kikauke kabisa. Nikakiweka kaunta, nikaomba maji kidogo, nikasugua mbele ya yule dada na mbele ya wateja. Kidole cheupe. Dada akanyamaza, nampa hiyo. Meneja ndiye aliyetoka ndani. Nikampa risiti, hakuisoma, akanirudishia huku ameweka kidole kwenye mstari wa chini: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia pesa sitaki, nataka aitoe ile lebo ya akriliki kwenye makopo yaliyobaki rafuni. Akasema wateja wengine hawalalamiki. Hawalalamiki kwa sababu wana miaka minane! Wanapaka nyumba na jua lenye macho, kisha kazi inatupwa!

Hapo ndipo nilipokusudia kumaliza, kwa nyota sifuri. Lakini kuna jambo linanikera, na nisipolisema nitakuwa sawa na ile lebo.

Kijivu nilichopakia tumbo nilikinunua kaunta ileile, siku ileile, kwa dada yuleyule. Ni akriliki ya wasanii, ya tyubu. Na ni nzuri kupita nilivyotarajia. Nzito ikitoka, lakini ukiilegeza kwa maji na tone la gliserini ya duka la dawa inajilaza yenyewe na michirizi ya brashi inapotea. Tone moja, ukizidisha itanata mpaka Krismasi. Ikikauka, sugua kwa maji utakavyo, haiachi kitu kidoleni. Tepu inatoka safi. Sijui niseme nini. Afadhali hata ingekuwa mbovu, ningelala.

Nyeupe nayo niliipata mahali nisipopatafuta. Jirani alikuwa anapakiwa ukuta wa nje, na fundi akabakiwa na rangi ya maji chini ya ndoo, ile ya akriliki ya kuhimili mvua. Nikaomba kikombe. Nikaichuja kwa soksi nyembamba ya kike (hapo palikuwa na mazungumzo marefu nyumbani), nikailegeza kwa maji, nikapiga matabaka membamba zaidi ya yale ya kwanza. Inafunika kijivu cha praima upesi kwa sababu imejaa titani, ule unga mweupe unaofunika. Ubaya wake ni kwamba haing'ai, kwa hiyo lazima upige vanishi juu, na ukiipaka nzito inaziba mistari yote ya paneli, ile iliyochongwa kuonyesha maungio ya mabati ya ndege. Inachelewa pia kukomaa. Iache wiki nzima kabla ya kuweka tepu, usiisogelee kabla. Lakini imeshika. Nimelowesha, nimesugua, nimebandika na kubandua, imeshika. Ya bure.

Najua kuna mjanja ataandika hapo chini: si dada alikwambia rangi ni rangi? Hapana bwana. Ya fundi ni ya ukuta, lakini ni akriliki. Ya dada imeandikwa akriliki na si akriliki. Tofauti hiyo ndiyo niliyomwuliza tangu mwanzo, na jibu lake lilikuwa kunicheka.

Kopo lenyewe nimempa binti wa shemeji, yuko darasa la tatu. Anasema ni nzuri kuliko ya shule, haina mabonge, na mama yake amefurahi kwamba inatoka kwenye nguo kwa maji matupu. Haya, kwa darasa la tatu naipa nyota tano. Kwa ndege inabaki sifuri.

Kijivu changu kimefika nusu ya tyubu. Kikiisha nitamtuma mtu.