Uzoefu wangu Tabora: mlio wa injini uliodhaniwa kuwa konrodi

Gereji ninayoizungumzia ipo upande wa Ng'ambo, mjini Tabora, na ninaithamini kwa sababu fundi wake alikataa kufungua hata boliti moja kabla ya kujua mlio unatoka wapi. Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE, cc 1498, ninayoitumia kwa safari za Urambo. Kipupwe kilipoingia na asubuhi zikawa za baridi, lilianza kugonga kwa mlio mkavu kila nilipoliwasha, na mlio huo uliongezeka nilipokanyaga mafuta.

Fundi wa gereji nyingine, aliyelitazama mwanzo, alichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inafanya kazi, akasikia mlio ukififia alipofika silinda ya nne, akahukumu kwamba beringi ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki, imekwisha na injini ishushwe ifanyiwe ovahoo, yaani ifumuliwe na kutengenezwa upya, kwa gharama iliyozidi shilingi milioni moja. Jaribio hilo lina msingi, kwani silinda iliyochomolewa waya haichomi mafuta, hivyo haiisukumi pistoni kwa nguvu, na konrodi iliyolegea hugonga kwa upole. Lakini gasketi (kizibo bapa) ya manifodi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ikivuja, matokeo huwa yaleyale: silinda isipochoma, moshi unaopenya penye ufa hukosa msukumo, na mlio hufifia.

Fundi wa Ng'ambo aliomba gari lilale kwake. "Mama, injini ikishapata moto itanificha," alisema. "Nataka niisikie ikiwa baridi." Asubuhi aliliwasha mbele yangu, akatia sikioni ncha ya mpira mrefu wa maji na kuipitisha ncha ya pili juu ya kava ya valvu, kando ya bloku, kisha penye manifodi, taratibu, kama daktari anayepima kifua. Mlio ulikuwa mkali kuliko kwingine pale manifodi inapoungana na silinda ya nne. Tulisubiri. Injini ilivyozidi kupata joto, mlio ulipungua hadi ukatoweka, kwa kuwa chuma hutanuka na kuuziba ufa, ilhali beringi iliyolika aghalabu huzidi kugonga oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Alipoondoa bati la kukinga joto, masizi meusi yalikuwa yametapakaa kwenye maungio na stadi moja, yaani boliti isiyo na kichwa inayoshikilia manifodi, ilikuwa imekatika.

Alinisisitizia pia nisiahirishe matengenezo, kwa sababu moshi unaovuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa, na kaboni monoksidi iliyomo haina rangi wala harufu.

Kwa uchunguzi alinitoza shilingi 15,000. Gasketi na stadi mpya ziliagizwa Mwanza zikaja kwa basi. Kazi ngumu ilikuwa kuing'oa stadi iliyokatika, kwa kuwa silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini ambamo stadi hufungwa, ni ya aluminiamu kwenye injini hii na nyuzi zake za kukazia stadi huharibika upesi. Aliifanya bila papara, na kifaa kibovu akanikabidhi bila kuombwa.

Nina lalamiko moja la haki. Gereji haitoi risiti wala maelezo ya kazi kwa maandishi, jambo linalomuumiza mwenye gari la zamani anayehitaji kumbukumbu za matengenezo. Nilimwambia, akakubali kuniandikia kwa mkono wake orodha ya vifaa vilivyobadilishwa, pamoja na tarehe.